Anza mazoezi polepole: somo kwa wasiozoea



Tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Nyarugusu, wababa wengi hutuuliza: "Mimi ni mkimbizi, chakula chenyewe ni cha mgao, mazoezi ya nini?" Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Wengi waliofika walikuwa watu wa kazi za mikono: kule Fizi na Uvira walilima, wengine walivuta nyavu katika Ziwa Tanganyika. Mwili uliozoea jembe ukikaa chini ya mwembe toka asubuhi hadi jioni, miaka na miaka, moyo hudhoofika, presha hupanda na sukari katika damu huweza kuzidi. Presha mara nyingi haina maumivu. Mtu hujiona mzima mpaka siku mkono na mguu wa upande mmoja vinapokataa.

Je, mama anayebeba maji naye afanye mazoezi? Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20. Akilibeba mara nne kwa siku, amekwisha fanya kazi ya kutosha. Afadhali bwana wake achukue safari mbili kati ya hizo nne. Yeye atapata zoezi na mama atapumzika. (Najua wapo watakaonuna.) Somo hili basi ni hasa kwa yule anayekaa.

Tuanze na kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kiasi kila juma. Usiogope hesabu hiyo. Juma la kwanza tembea dakika 10 kwa siku, siku tano. Kila juma ongeza dakika 5. Juma la tano utakuwa umefika dakika 30, na dakika 30 mara siku tano ndizo 150. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Ukiimba vizuri, kaza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Nenda asubuhi kabla ya jua kali, na unywe maji ukirudi.

Siku mbili za juma ongeza mazoezi ya nguvu. Kaa kwenye kiti kisichoyumba, simama bila kushika kitu, kaa tena polepole. Fanya mara 8, pumzika, rudia. Kisha simama mbele ya mti, weka viganja kwenye shina, kunja viwiko mpaka kifua kikaribie, sukuma urudi. Tunasema mti kwa sababu kuta zetu za udongo hazikujengwa kwa kusukumwa. Maumivu ya misuli kesho yake ni ya kawaida kwa anayeanza. Maumivu makali ya goti au mgongo si ya kawaida, acha.

Sasa habari ya mgao. Anayekula mara moja kwa siku atembee tu, asikimbie, na akijisikia kizunguzungu akae chini. Aliyekonda sana au aliye katika mpango wa lishe ale kwanza, apone. Mwenye homa asifanye zoezi lolote. Aende kupimwa malaria.

Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo apite kwanza kwa mganga, na vidonge vyake aendelee navyo hata akijisikia vizuri. Maumivu ya kifua wakati wa kutembea: simama hapo hapo, upelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wenye kisukari msitembee pekupeku. Mguu wa kisukari huweza kukatwa na jiwe usisikie. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na kila jioni mwombe mtoto akuangalie nyayo na katikati ya vidole. Akiona kidonda, hata kidogo, njoo zahanati kesho yake asubuhi.