Mlango Mdogo wa Mbwa: Pima Kabla ya Kulipa

Katika kaya za Kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, mbwa ni mlinzi kabla hajawa kipenzi. Mchana hupumzika bandani; usiku hutoka uani kulinda kuku, mbuzi na magunia ya alizeti yaliyomo ghalani. Mtu akichelewa kumfungulia, ulinzi haupo. Akisahau kumfungia asubuhi, mbwa yuko barabarani wakati watoto wanakwenda shule. Ndiyo maana baadhi ya wananchi huweka mlango mdogo ambao mbwa huupita mwenyewe kutoka bandani au ghalani hadi uani.

Kazi hii huonekana ndogo, na kwa sababu hiyo hufanywa kwa kukadiria. Tuchukulie mfano wa mwenye nyumba aliyemwambia fundi, "Nitengenezee kamlango ka mbwa," akalipa fedha zote siku hiyo hiyo. Mbwa alikuwa mdogo wa miezi minne. Miezi michache baadaye mabega hayakupita tena, na makali ya bati yakamchana ubavuni. Fundi akasema, "Hukunipa kipimo." Alisema kweli, na mteja hakuwa na karatasi ya kumjibu. Somo hili linakusudia kumwepusha mlaji na hasara ya namna hiyo.

1. Chagua mahali

Mlango wa mbwa ufungukie ndani ya uzio, kamwe usifungukie njiani. Tundu lililo kwenye ukuta wa nje humpa mbwa uhuru wa kuzurura, na humpa mwizi njia. Nafasi ya kupita mbwa mkubwa inaweza kumpitisha mtoto aliyetumwa na wezi. Vilevile, usiliweke karibu na komeo la mlango mkubwa: mtu aliyeingiza mkono wenye kijiti asiweze kulifikia.

Mkoa wa Singida unajulikana kwa upepo wake. Simama mahali unapokusudia kutoboa, uone upepo unatoka wapi, kisha uchague upande uliokingwa. Angalia pia maji ya mvua yanapita wapi.

Ukuta nao una masharti yake. Katika nyumba ya tembe, ambayo kuta zake za udongo na miti hubeba paa zito, usitoboe ukuta. Tumia mlango uliopo au jenga banda la pembeni. Katika ukuta wa tofali, epuka kona na sehemu iliyo chini ya dirisha.

2. Pima mbwa, si macho

Chukua futi kamba na umsimamishe mbwa mahali tambarare. Andika vipimo vitatu: upana wa sehemu yake pana kuliko zote, kimo kutoka sakafuni hadi juu ya mabega, na kimo kutoka sakafuni hadi chini ya kifua.

Mfano: upana ni sentimita 20, mabega yako sentimita 50 na chini ya kifua ni sentimita 26.

Upana wa tundu: 20 + 5 = sentimita 25.
Ukingo wa juu: 50 + 5 = sentimita 55 kutoka sakafuni.
Kizingiti: sentimita 15 kutoka sakafuni, chini ya kifua, ili mbwa avuke bila kuruka na maji yasiingie.
Urefu wa tundu: 55 − 15 = sentimita 40.

Kama una mbwa wawili, ukingo wa juu na upana vifuate mkubwa, na kizingiti kifuate mdogo. Mbwa mzee au mwenye mimba ashushiwe kizingiti. Kama mbwa bado anakua, pima mbwa mzima wa ukoo wake, hasa mama yake.

Mafundi wengi hufanya kazi kwa inchi. Inchi 1 ni sentimita 2.54, kwa hiyo tundu la mfano wetu ni takriban inchi 10 kwa 16. Andika vipimo vyote viwili, maana namba isiyo na kipimo chake ni chanzo cha ugomvi.

3. Chagua vifaa

Pazia la mpira mnene huinama bila kumuumiza mbwa na halipigi kelele. Udhaifu wake ni kupeperushwa. Lizibe kwa kuongeza kipande cha uzito kwenye ukingo wa chini. Ubao hudumu ukiwa mkavu na ukikingwa na mchwa, lakini dawa ya mbao na rangi viachwe vikauke kabisa kabla mbwa hajasogea, kwa sababu mbwa hulamba. Bati ni rahisi kupatikana, ila hupata joto kali juani na makali yake hukata. Ukilitumia, kingo zake zikunjwe na kusagwa hadi kiganja kipite bila kukwaruzwa.

Aina yoyote utakayochagua, agiza pia kifuniko kigumu chenye komeo upande wa ndani. Hicho ndicho utakachofunga unaposafiri au mgeni anapoingia.

4. Andikiana na fundi

Karatasi moja inatosha. Iwe na vipimo, aina ya vifaa, bei ya vifaa na ya ufundi kila moja peke yake, siku ya kukamilisha, na nani atabeba gharama kipimo kikikosewa. Wote wawili mtie sahihi. Malipo ya awali yatoshe vifaa tu. Fedha ya ufundi itolewe baada ya mbwa kupita. Dai risiti kwa kila kifaa unachonunua dukani, na uitunze.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Mkikosana, anza kwa kuzungumza na fundi huku karatasi iko mezani. Ikishindikana, peleka shauri kwa uongozi wa mtaa wako, na ikibidi kwa Tume ya Ushindani. Shaka kuhusu mizani au kipimo cha dukani hupelekwa kwa Wakala wa Vipimo. Shaka kuhusu ubora wa bidhaa hupelekwa kwa Shirika la Viwango Tanzania.

5. Simamia ufungaji

Kabla ya kutoboa, kata kipande cha boksi chenye ukubwa wa tundu, ukiegemeze ukutani, umlete mbwa kando yake. Kosa linaloonekana kwenye boksi halina gharama.

Katika ukuta wa tofali, tundu liwekewe linta inayoingia ukutani angalau sentimita 15 kila upande. Kwa tundu la sentimita 25, linta iwe sentimita 55. Katika mlango wa mbao, fundi asikate miimo inayoushikilia mlango. Katika geti la chuma, kila mahali palipochomelewa pasagwe na kupakwa rangi.

Siku za mwanzo, funga pazia juu ili tundu libaki wazi, ukamwite mbwa kwa chakula kutoka upande wa pili. Akizoea, lishushe kidogo kidogo. Usimsukume kwa nguvu; mbwa aliyeumia mlangoni huukataa.

6. Wajibu unaobaki kwako

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amlinde dhidi ya maumivu, njaa na mateso. Mlango mzuri hautoshi ikiwa banda halina maji wala kivuli.

Jambo zito zaidi ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mgonjwa hufa. Mbwa anayetoka na kuingia apendavyo lazima awe amechanjwa. Muulize ofisa mifugo wa kata yako tarehe ya chanjo, na utunze cheti. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mbwa anaonekana mzima.

Maswali ya kujipima

Je, tundu langu linafungukia ndani ya uzio?
Je, nimeandika vipimo vitatu vya mbwa kwa sentimita na kwa inchi?
Je, kingo zimepitishwa kiganja?
Je, fundi ana nakala ya makubaliano, nami ninayo yangu?
Je, cheti cha chanjo kipo?

Kama jibu la swali lolote ni "hapana", usitoe fedha ya mwisho na usimfungulie mbwa. Futi kamba huazimwa kwa jirani. Ukuta ukishatobolewa vibaya, kuuziba ni gharama yako.