Sindano alichomwa, minyoo ikabaki

SWALI: Daktari, ng'ombe wangu alikonda, akaharisha, kisha akavimba chini ya taya, ingawa nilikuwa nimemchoma ivermektini. Tulipomchinja, mkaguzi wa nyama alilitupa ini lote kwa sababu ya minyoo. Je, sisi tuliokula nyama tutaugua? – Mfugaji, Kitswamba, Kasese.

JIBU: Pole kwa hasara, ndugu yangu. Nyama haina neno. Minyoo hiyo bapa kama jani, ambayo huweza kupita sentimita 5, hukaa kwenye mirija ya nyongo. Hata ini lenyewe, likipikwa likaiva, halimwambukizi mlaji. Hutupwa kwa kuwa limeharibika. Mirija imekakamaa, na ukipitisha kisu unasikia ikikwaruza.

Hatari iko kinamasini. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wadogo. Humo huzaliana, kisha hutoka na kujibandika kwenye majani ya ukingoni, yanayosubiri mdomo wa ng'ombe. Wengi huogopa masika. Mimi huogopa kiangazi: nyasi za juu zikikauka, makundi yote hushushwa kwenye ubichi wa kandokando ya mito na vinamasi vya Ziwa George, penye konokono.

Ivermektini usiilaumu. Ni kali kwa minyoo ya mviringo, lakini hii haiigusi kabisa. Albendazoli huua iliyokomaa tu, tena kwa kipimo kikubwa kuliko cha minyoo ya kawaida, na ng'ombe mwenye mimba changa asipewe. Triklabendazoli huua hata michanga inayotoboa ini. Mwite daktari wa mifugo akadirie uzito kwa utepe wa kifuani, si kwa macho, na akwambie maziwa yamwagwe siku ngapi.

Kisha zungushia uzio sehemu ya kinamasi, uchote maji na kuwanyweshea horini, pakavu. Ni kazi, najua, hasa kwa kundi kubwa. Lakini dawa bila hilo ni fedha ya kila mwaka.

Binadamu huambukizwa kwa kula mbichi mboga za majimaji, au kunywa maji ya huko bila kuyachemsha. Kama nyumbani yupo mwenye homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, apelekwe kituo cha afya, na mganga aelezwe habari za ng'ombe huyo.