Mwewe, Kipanga au Kozi? Kupima Marejeo Kuhusu Ndege Mbuai wa Malindi na Kilifi

1.0 Utangulizi
Mwanafunzi wa Kiswahili anayekusanya majina ya ndege mbuai katika pwani ya Malindi na Kilifi hukabiliwa na utata. Ndege yule yule huweza kuitwa mwewe na msemaji mmoja, kipanga na mwingine, au kozi. Neno tai nalo hutumiwa kwa ndege awindaye na hata kwa mla mizoga, ilhali huyu wa pili ana jina lake, tumbusi. Makala haya yanajadili namna ya kupima marejeo yaliyopo.

2.0 Aina za Marejeo
Kwanza ni kamusi. Krapf, aliyehamia Rabai mwaka 1846, aliacha kamusi iliyochapishwa mwaka 1882. Kamusi za Sacleux na Johnson zilitoka mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Hizi ni hazina ya majina; hata hivyo, lengo lake lilikuwa lugha, si uainishaji wa ndege.

Pili ni vitabu vya utambuzi, kama vile cha Zimmerman, Turner na Pearson (1996) na cha Stevenson na Fanshawe (2002, toleo la pili 2020). Hivi vina picha, ramani na majina ya kisayansi, lakini vimeandikwa kwa Kiingereza.

Tatu ni wenyeji: wavuvi, wakulima na waongozaji wageni msituni.

3.0 Mfano wa Bundi wa Sokoke
Bundi huyu mdogo, Otus ireneae, alielezwa kisayansi na Ripley mwaka 1966 kutokana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Marejeo ya awali yalimtaja kuwa wa msitu huo pekee. Katika miaka ya 1990 alithibitishwa pia Usambara, Tanzania. Kwa hiyo, kitabu cha zamani hakikudanganya. Kilipitwa na wakati. Vivyo hivyo, mwewe mwenye mdomo wa manjano huwekwa na baadhi ya wataalamu chini ya Milvus migrans, na wengine humwita Milvus aegyptius. Mtafiti hana budi kutaja mwaka wa rejeo lake.

4.0 Hitimisho
Inapendekezwa kwamba kila jina liambatane na jina la kisayansi, mahali liliposikika na maelezo ya umbo, chakula na mwenendo wa ndege. Suala hili si la kamusi tu. Mwewe hunyakua vifaranga. Circaetus fasciolatus wa misitu ya pwani hula hasa nyoka. Wote wakiitwa mwewe, mla nyoka hulipa deni la mwizi wa vifaranga. Bundi naye, kwa kuhesabiwa ndege wa nuksi, hupigwa mawe bila kuulizwa ni bundi gani. Jina sahihi ni mwanzo wa kumtendea haki.