Kuzuia Rasharasha za Omo Katika Mashua ya Mashini

Wavuvi wanaokokota nyavu za kamba wa baharini katika Ghuba ya Ungwana wanajua jinsi bahari ya kusi inavyorusha maji ndani ya mashua. Karibu na Kipini, ambapo mto Tana waingia baharini, taabu huzidi maji yanapokupwa. Mkondo unatoka, upepo unaingia, na mawimbi husimama wima, moja karibu na jingine.

Rasharasha si udhia wa kulowa tu. Maji hujikusanya chini ya mashua. Madebe 10 ni karibu kilo 200, sawa na watu watatu; nao ni watu wasiotulia. Mashua ikilala upande, maji hukimbilia upande ule ule na kuzidi kuilaza.

Omo ikikata wimbi, maji hupanda ubavuni kama karatasi nyembamba. Yakifika juu, upepo huyapasua na kuyatupa ndani. Basi dawa ni kuyageuza kabla hayajafika juu. Mwenye mashua aweza kufanya mambo manne:

1. Apunguze mwendo. Jambo hili halina gharama, tena mafuta hubaki.

2. Asilikabili wimbi uso kwa uso, wala asiliache limpige ubavuni. Alipokee kwa pembe, kisha ageukie upande wa pili, hata kama safari itarefuka kidogo.

3. Aondoe uzito omoni. Nanga, minyororo na masanduku ya barafu yakae karibu na katikati. Lakini asilemeze tezi, maana mawimbi ya nyuma yataingia.

4. Afunge ubao wa kukinga kila upande wa omo. Kwanza apakie mashua kama siku ya kazi, na mahali penye maji matulivu atie alama ya chaki maji yalipofika. Ubao uwe juu ya alama hiyo, uanzie ncha ya omo na kurudi nyuma kiasi cha thuluthi ya urefu wa mashua. Chini uwe bapa, na ukingo wake wa nje uwe mkali. Ukiwa wa mviringo, maji huufuata na kuendelea kupanda. Ufungwe kwa bolti mpaka kwenye mataruma, na matundu yazibwe vizuri.

Kumbukeni: ubao huzuia rasharasha, hauzuii wimbi zima. Bahari ikianza kuchafuka hivyo, rudini bandarini mapema. Kamba wa kesho wapo pale pale.