MWIZI AKIKAMATWA, NI NANI MWENYE HAKI YA KUMUUA?

Bismillahir Rahmanir Rahim



Ama baad. Juma hili kijana wetu mmoja alinifuata baada ya Isha akaniuliza: "Maalim, mwizi akichomwa usiku mtaani, dhambi ni ya aliyewasha kiberiti tu, ao hata sisi tuliotazama?" Hakuuliza bure. Mnajua jambo hili linatokea katika vitongoji vyetu, na wengine kati yenu mlikuwepo.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 32, amefananisha kuua nafsi moja bila haki na kuua watu wote. Katika Suratul Israa, aya ya 33, amekataza kuua ila kwa haki. Basi haki hiyo ipo, siwezi kuwaficha. Lakini imewekewa milango. Kisasi ni kazi ya kadhi, baada ya mashahidi au kukiri. Shaka ikiingia, adhabu inaondoka. Hata hukumu ikishatoka, warithi wa aliyeuawa wanaweza kusamehe, na Qur'ani inawapendekezea hivyo. Maiz alikuja mwenyewe kwa Mtume (s.a.w.) kukiri zinaa, na Mtume akamgeuzia uso mara kwa mara, akauliza kama ana wazimu. Sisi tunamkamata mtu saa nane za usiku, na saa tisa haijafika amekwisha kuvishwa mpira wa gari.

Tena kwa kosa gani? Hata sheria yetu, ambayo watu huiita kali, haikuweka kifo kwa mwizi. Adhabu yake ni mkono, kwa masharti mengi, na Khalifa Umar (r.a.) aliisimamisha mwaka wa njaa. Na kuhusu moto, Mtume alikataza kuadhibu kwa moto. Hiyo ni adhabu ya Mola peke yake. Mwenye bidoni ya esanse amejipa cheo ambacho hata kadhi hana.

Mtasema: Maalim, yeye aliingia na panga, watoto wangu wamelala. Hapo unayo ruhusa. Jitetee, na Mtume amesema anayeuawa akilinda mali yake ni shahidi. Lakini wanazuoni wamesema anza na kilicho chepesi: kelele ikitosha usipige, fimbo ikitosha usichukue panga. Akikimbia, au akifungwa kamba, kujitetea kumekwisha. Kuanzia hapo damu yake ni haramu kama yako.

Mtasema tena: tukimpeleka kasho, kesho kutwa analipa, anarudi kutucheka. Ni kweli, nami nimeibiwa, najua uchungu wake. Lakini anayemwachia mwizi kwa pesa atajibu kwa Mungu kwa kosa lake. Kosa lake halikufanyi wewe kadhi. Wengine wananiletea habari ya serikali, kwamba tangu 2003 watu hawakuwa wakinyongwa wala kupigwa risasi kwa hukumu, na Machi 2024 Wizara ya Sheria ikaondoa katazo hilo. Waraka ule unahusu waliohukumiwa na mahakama. Haukumtaja mtu wa avenue.

Wa umri wangu wanakumbuka 1992, hapa hapa Likasi. Tshisekedi alipochaguliwa waziri mkuu mwezi wa Agosti, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa nyumbani kwao, wengine wakauawa, maelfu wakalala kwenye gare wakingoja treni. Waliitwa bilulu, wadudu. Mdudu hapelekwi mahakamani! Leo juu ya mwizi tunasema "mbwa", na mlango ni ule ule.

Sasa nimjibu kijana. Kundi halipunguzi damu. Mtu mmoja aliuawa Yemen na watu kadhaa, na Umar akawahukumu wote, akasema hata kama mji mzima wa Sanaa ungeshirikiana angeuhukumu wote. Aliyeleta mpira, aliyetoa esanse na aliyewasha kiberiti wako pamoja. Aliyetazama huku anaweza kuzuia, au hata kupiga simu, ana dhambi yake. Aliyezuia akashindwa, Mungu anajua.

Yule aliyechomwa ana mama. Aliyekuwepo na ana jambo moyoni, nipo msikitini kila siku baada ya Alasiri, na nitakwenda naye kwa mama huyo.

Wabillahi tawfiq.