Tabia ya Dawa Ndiyo Ipangayo Safari Yake: Somo la Akiba Kutoka Madungu

Mkaazi wa Madungu, mtaa wa mji wa Chake Chake, apokeapo kichupa cha insulini au pakiti ya ORS, aghalabu hupokea kitu kilichovuka bahari. Dawa nyingi zitumikazo Pemba hupitia Unguja, hupakiwa chomboni, huteremshwa bandarini, kisha hupandishwa gari hadi kituoni. Safari ni moja, lakini dawa haziistahimili kwa namna moja. Ipo iharibikayo kwa joto, ipo iharibikayo kwa kuganda, ipo isiyopatana na unyevu, na ipo isiyo na tatizo ila uzito wake. Somo hili linaeleza namna tabia hizo zinavyoamua kiasi cha kuagiza, mahali pa kuweka na muda wa kukaa na akiba.

Joto, kuganda na unyevu

Oksitosini ni sindano anayopewa mama mara tu baada ya kujifungua ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto, nguvu zake hupungua polepole bila ya dawa kubadilika rangi. Hapo ndipo penye hatari: katika leja dawa ipo, kabatini ipo, lakini mama anaendelea kuvuja damu. Hesabu ya oksitosini, basi, si ya vichupa peke yake. Ni ya vichupa pamoja na saa za umeme.

Pemba inalijua jambo hili. Hadi 2010 kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, na mwaka huo kikaunganishwa na Tanga kwa kebo ya chini ya bahari. Kebo nayo haitoi dhamana: ile ya Unguja iliharibika Desemba 2009, na umeme haukurejea hadi Machi 2010. Kila kituo chenye jokofu kinapaswa kujua jokofu hilo hushika baridi kwa saa ngapi umeme ukikatika, na barafu ya kujazia sanduku la baridi itatoka wapi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kabetosini istahimiliyo joto iwe miongoni mwa dawa za kuzuia kuvuja damu baada ya kujifungua. Hiyo haihitaji jokofu maadamu joto halizidi nyuzi 30. Misoprostoli nayo haihitaji jokofu, lakini unyevu huiharibu. Kwa hiyo vidonge vyake havitolewi katika karatasi zake za alumini mpaka wakati wa kumezwa. Katika kisiwa chenye mvua nyingi kama Pemba, kuvihamishia vidonge hivyo kwenye mkebe ni kuvipoteza.

Si kweli pia kwamba baridi ikizidi ndiyo bora. Chanjo ya homa ya ini aina ya B na ile ya pepopunda huharibika zikiganda, na insulini vilevile. Zisigusane na barafu wala ukuta wa chumba cha kugandishia.

Uzito na nafasi

Mtu mzima wa kilo 50 aliyeishiwa maji vibaya kwa kipindupindu huhitaji dripu kiasi cha lita 5 katika saa 3 za mwanzo. Wagonjwa 20 wa namna hiyo huhitaji lita 100, yaani zaidi ya kilo 100 za mzigo. Pakiti moja ya ORS hutengeneza lita moja ya maji ya kunywa na uzito wake ni gramu 20 na kitu. Pakiti 1,000 ni kama kilo 20 tu, ilhali dripu za lita 1,000 hupindukia tani. Kwa hiyo dripu hazifai kungojwa mpaka ugonjwa uzuke. Kilicho kizito huletwa mapema, bahari ikiwa shwari, na kuwekwa karibu na watakaokihitaji. Kilicho chepesi kinaweza kuagizwa kwa haraka. Aidha, mgonjwa anayeweza kunywa apewe ORS, ili dripu zibaki kwa asiyeweza.

Funzo jingine lilitokea Zanzibar mwanzoni mwa 2009, chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilipotolewa Chumbuni, Unguja, na Mwambe, Pemba. Chanjo ile ilihitaji baridi, dozi 2 zenye siku zisizopungua 7 baina yake, na kila dozi ilichanganywa na maji safi yenye unga wa kulinda dawa dhidi ya asidi ya tumbo. Mpangaji hakusafirisha chanjo tu, bali pia maji, vikombe na unga. Kati ya watu wapatao 48,000 waliostahiki, takriban nusu ndio waliopata dozi zote mbili. Chanjo za baadaye zisizohitaji unga wala maji ya kuchanganyia zimepunguza mzigo huo.

Ukubwa wa kichupa

Kichupa cha chanjo ya surua chenye dozi 10, kikishachanganywa, hakitumiki baada ya saa 6. Wakija watoto 5, dozi 5 hutupwa. Kwa hiyo atakayeagiza kwa idadi ya watoto peke yake ataishiwa. Hata hivyo, mtoto aliyefika asirudishwe kwa kuogopa kutupa dozi, kwani mama aliyerudishwa huenda asije tena.

Hesabu ya kuagiza

Chukuliwe mfano wa kituo kinachotumia vichupa 40 vya oksitosini kwa mwezi. Mzigo huchukua mwezi 1 kufika, na akiba ya tahadhari ni ya mwezi 1. Kiwango cha kuagizia ni 40 + 40 = vichupa 80. Zikibaki 80, agizo hupelekwa. Kusubiri zibaki 40 ni kuilia akiba ya tahadhari. Msimu wa bahari chafu ukirefusha safari hadi miezi 2, kiwango hupanda hadi 120. Lakini kabla ya kuandika 120, jokofu lipimwe kama lina nafasi, na tarehe za mwisho zitazamwe. Iwahiyo kuisha muda ndiyo iwahi kutoka.

Kwa mgonjwa na jamaa zake

Insulini isiyofunguliwa huwekwa jokofuni, mbali na barafu. Iliyoanza kutumika huweza kukaa nje, kivulini, kwa takriban wiki 4. Asiye na jokofu atumie chombo cha udongo chenye maji, dawa ikiwa imefungwa isilowe. Arudi kituoni kabla ya dawa kwisha, kwa sababu hesabu ya kituo hujengwa juu ya wanaokuja kwa wakati.

Maswali ya kujipima

1. Umeme ukikatika kwa siku 2, ni dawa zipi za kituo chako zihamishwe kwanza, na ziende wapi?
2. Kituo hutumia dripu 60 kwa mwezi, mzigo huchukua miezi 2, akiba ya tahadhari ni mwezi 1. Agizo lipelekwe zikibaki ngapi? (Jibu: 180.)
3. Kwa nini dawa kuwapo kabatini si ushahidi kwamba mgonjwa atapona?