Yesu Alimtoa Kwanza Kwenye Kelele

Somo: Marko 7:31–37. Soma pia Yohana 9:1–3 na Marko 2:1–12.

Wiki hii tusome habari ya yule mtu wa Dekapoli aliyekuwa kiziwi na mwenye shida ya kusema. Tumezoea kukimbilia mwisho, pale masikio yanapofunguka, tunapiga makofi, tumemaliza. Leo tukae kwenye mstari wa 33. Watu walimleta wakitaka Yesu amwekee mkono pale pale mbele ya wote. Yeye alimtoa kwanza kwenye umati, wakaenda kando. Halafu akaanza kumwonyesha kwa vidole: masikio, kisha ulimi, kisha akatazama juu. Mtu asiyesikia anaelezwa kinachoendelea kwa njia anayoielewa yeye. Neno la kusema lilikuja baada ya hayo yote.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya usonji. Aprili 2 kila mwaka ni siku ya dunia ya kuhamasisha watu kuhusu hali hii. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2007, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2008. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, kwa hiyo nikiona namba lazima niigawe. Kanisa la watu 400 lina kama watatu. Sasa hebu jiulize, hapa kwetu wako wapi?

Mmoja ni mwanangu, na wengi wenu mnamjua. Ana miaka saba. Hasemi maneno mengi, lakini saa ya treni ya SGR kuingia Voi anaijua kuliko mimi. Wengine wako nyumbani Jumapili, na mama zao wako nyumbani nao.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si ukosefu wa adabu. Ni namna ubongo ulivyokua tangu mwanzo. Mtoto anaitwa jina lake hageuki, mpaka unadhani hasikii (ndiyo maana apimwe masikio kwanza). Hakuoneshi kitu kwa kidole kama wenzake wa mwaka mmoja na nusu wanavyofanya. Anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja saa nzima. Anarudia sentensi uliyomwambia badala ya kuijibu. Ukibadilisha njia ya kwenda sokoni, analia kana kwamba umempoteza. Sauti, mwanga, hata kitambaa cha shati vinaweza kumuumiza kweli. Si wote wako hivyo. Kuna wanaosema vizuri, wanafika chuo na kuajiriwa, na kuna watakaohitaji mtu wa kuwashika mkono maisha yao yote.

Sasa tuongee lile jambo ambalo watu husemea pembeni. Pepo.

Mwaka juzi tulikuwa kwenye mkutano wa hadhara, si wa kanisa hili. Spika zilikuwa karibu, mwanangu akaziba masikio na kupiga kelele. Mhubiri mgeni akamwita mbele, akamshika kichwa, akaanza kukemea kwa maikrofoni. Kadiri alivyokemea ndivyo mtoto alivyopiga kelele zaidi, na watu wakaona huo ni ushahidi. Mke wangu alipanda, akamchukua mtoto, akaondoka naye hadi nyuma ya magari. Huko kwenye kimya alinyamaza ndani ya dakika chache. Usiku mke wangu akaniuliza, “Baba, kama lilikuwa pepo, lilimtoka saa ngapi pale nyuma ya magari, na nani alilikemea?” Nina shahada na nina mafunzo ya uchungaji, na sikuwa na la kuongeza.

Mimi ni Mpentekoste. Naamini Mungu anaponya na ninaamini pepo wapo. Lakini Biblia yenyewe inatofautisha. Huyu wa Marko 7 hakuna aliyemkemea pepo juu yake. Na katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza dhambi ni ya nani, ya kipofu au ya wazazi, na Bwana akakataa yote mawili. Mtu atasema, “Mchungaji, lakini kiziwi alipona siku ile ile.” Ndiyo, alipona. Mimi namwombea mwanangu kila usiku, na mnakaribishwa kumwombea. Ninachokataa ni kumfungisha mtoto kwa njaa, kumchapa ili “kitu” kitoke, kumfungia chumbani wageni wakija. Baadhi ya watoto hawa wana kifafa pia. Tafadhali, mtoto akiombewa asiachishwe dawa. Anayewaambia mtupe dawa hatakuwepo usiku mtoto akianguka.

Na kulaumu mama hakukuanza Taita. Daktari Leo Kanner wa Marekani alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wenye hali hii, wasomi waliomfuata walikaa miaka mingi wakisema chanzo ni mama asiyekuwa na upendo. Wasomi kabisa! Aliyesaidia kuwanyamazisha alikuwa mzazi: Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mtoto wa namna hii, aliyeandika kitabu mwaka 1964 akionyesha kwamba jambo liko kwenye ubongo. Vilevile msitishwe kuhusu chanjo. Ule utafiti wa 1998 uliozua maneno hayo, jarida lililouchapisha liliufuta 2010. Wapeni watoto chanjo.

Hapa Kenya pia wazazi ndio walioanza. Mwaka 2003 wazazi walianzisha Autism Society of Kenya, na watoto wakapata kitengo chao ndani ya City Primary, Nairobi. Nairobi ni mbali, najua. Hata Mombasa, kwa mtaalamu wa matamshi, ni kama kilomita 150. Hesabu nauli ya wawili kwenda na kurudi, ongeza chakula, ongeza siku nzima ambayo mama wa mboga hakufungua kibanda. Na haendi mara moja, anaenda kila mwezi. Ndipo anatokea mtu na chupa anayosema itaponya yote kwa mwezi mmoja, na mama ananunua, maana chupa inaonekana rahisi kuliko safari. Wapendwa, dawa ya kumaliza usonji haipo dukani. Anayeiuza anauza hofu yenu.

Kinachosaidia ni kazi ya polepole, na kubwa yake inafanyika nyumbani. Sisi tulibandika picha ukutani: kuoga, chai, viatu, shule. Mwanangu anaondoa picha baada ya kumaliza kila kitu, na asubuhi zetu zimetulia. Kwa upande wa serikali, anza na hospitali. Hapa Voi tuna Moi County Referral. Ulizia pia kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, kinachoitwa EARC. Vituo hivi viko Kenya tangu 1984, na ndivyo vinavyoelekeza mtoto aende shule gani. Mtoto asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi. Shule moja ilitukataa mlangoni, mwalimu mkuu akisema mtoto atasumbua wenzake. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kusoma, na pia haki ya kutoitwa kwa majina ya kumdhalilisha. Kwa hiyo lile neno “zuzu” mnalotania nalo stendi, jueni Katiba imeligusa.

Turudi kanisani. Wale wanne wa Marko 2 walibomoa dari ili mwenzao afike. Mimi siombi dari. Nimekaa na vijana wa mitambo tukakubaliana: kuanzia Jumapili ijayo, ibada ya kwanza, spika mbili za upande wa kushoto zitazimwa, na viti vya nyuma upande huo viachiwe familia hizi. Chumba cha shule ya Jumapili kitakuwa wazi, bila muziki, kwa mtoto anayehitaji kutoka kidogo. Wahudumu wa mlangoni hawatamshika mtoto anayetembea wakati wa mahubiri bila kumuuliza mzazi. Mimi nikiwa nahubiri na yeye akapita mbele, nitaendelea.

Na wewe uliye na jirani wa namna hii, Sofia, Kaloleni, Mbololo au popote, usimpelekee mafundisho. Mwambie utakaa na mtoto saa mbili ili aende kuoga na kulala. Uliza kwanza mtoto anapenda nini na anaogopa nini. Wanaotaka tusaidiane nauli za kliniki, tukutane nami Jumatano baada ya maombi ya mchana, kwenye ofisi ndogo. Mke wangu atakuwepo, na daftari la majina tumeshalifungua.